Kuanzisha Biashara ya Siagi ya Karanga Nyumbani: Mwongozo kwa Anayeanza

Maswali kuhusu siagi ya karanga inayotengenezwa nyumbani hujirudia kwa sura ile ile: mtaji wa kuanzia ni kiasi gani, inunuliwe mashine gani, na je, mtu anaweza kuuza kabla hajapata nembo ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata kazi yenyewe, tangu karanga zinaponunuliwa hadi kopo linapofika dukani, na umemlenga mtu anayeanzia jikoni kwake Tanzania Bara. Utaona kwamba swali la mashine limesogezwa nyuma ingawa ndilo linaloulizwa kwanza. Biashara hii huharibika zaidi kwenye uchambuaji wa karanga na kwenye hesabu ya bei kuliko kwenye usagaji, na mashine ghali haiwezi kurekebisha lolote kati ya hayo mawili.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karanga zilizobanguliwa, kilo 5 hadi 10 kwa majaribio. Usinunue gunia kabla hujaridhika na ladha ya siagi yako.
- Mizani ya kidijitali inayopima kwa gramu.
- Ungo, pamoja na meza au kitambaa cheupe cha kuchambulia. Juu ya rangi nyeupe, karanga yenye kasoro huonekana mara moja.
- Kaango zito au tanuri la kuokea, na mwiko mrefu wa mbao.
- Blenda yenye nguvu kwa majaribio, au ahadi ya mtu mwenye mashine ya kusaga karanga.
- Makopo au chupa mpya zenye mifuniko inayobana.
- Chumvi laini, na sukari ukipenda.
- Daftari. Simu inafaa pia, lakini mikono yenye mafuta na kioo cha simu havipatani.

Chagua pia mahali pa kazi. Si lazima pawe chumba kikubwa, lakini pawe pakavu, pasiwe na kuku wala wanyama wengine, na pasitumike kupikia chakula cha familia wakati unapofanya kazi. Mafuta hunasa harufu haraka, na siagi iliyosagwa karibu na sufuria ya dagaa humfikia mteja ikiwa na harufu ya dagaa.

Hatua ya 1: Nunua karanga kavu na safi

Kwenye mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma, Singida na Tabora, karanga nyingi huvunwa kati ya Aprili na Juni. Kwa kawaida bei huwa nafuu miezi michache baada ya mavuno na hupanda kadiri msimu mpya wa kupanda unavyokaribia. Mwenye mtaji na ghala kavu hununua wakati huo wa unafuu. Wewe unayeanza nunua kidogo kidogo, hata kama bei ya kilo ni kubwa zaidi, kwa sababu karanga zilizokaa vibaya chumbani kwako zitakula faida yote ya bei nafuu.

Ingiza mkono katikati ya gunia badala ya kuangalia zile za juu, kisha uvunje karanga chache kwa vidole. Karanga kavu hukatika kwa mlio na ganda lake jekundu hutoka kwa urahisi, ilhali yenye unyevu hupindika kwanza ndipo ivunjike. Zinuse, na ukisikia harufu ya uvundo au ya mafuta yaliyochacha, ondoka hata kama bei inashawishi.

Muulize muuzaji jinsi zilivyobanguliwa. Baadhi ya watu huzilowesha karanga zikiwa bado na maganda magumu ili zisiwaumize vidole wakati wa kubangua kwa mkono. Maji hayo huwa mwanzo wa ukungu, na kuanika baadaye hakuondoi madhara yaliyokwisha kutokea. Mfanyabiashara anayebangua kwa mashine, bila maji, anastahili kulipwa shilingi kadhaa zaidi kwa kila kilo.

Hatua ya 2: Chambua, kisha chambua tena

Hapa ndipo nitakapokaa kwa muda, kwa kuwa hapa ndipo wanaoanza hupita mbio.

Karanga, kama mahindi, hushambuliwa na ukungu unaozalisha sumukuvu. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2019 shirika la viwango la Kenya, KEBS, lilisimamisha uuzaji wa siagi za karanga za watengenezaji kadhaa kwa sababu hiyo hiyo. Inapoliwa kidogo kidogo kwa muda mrefu, sumukuvu huharibu ini na inaweza kusababisha saratani yake. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu jumla ya sumukuvu isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile aina kali zaidi, B1, isizidi mikrogramu 5.

Sumu hii haionekani wala haina ladha unayoweza kuitegemea. Wengi huamini kwamba kukaanga kunaimaliza, lakini moto wa jikoni hupunguza sehemu yake tu na nyingine hubaki. Jambo linalokusaidia ni kwamba sumukuvu haisambai sawasawa ndani ya gunia. Mara nyingi hujikusanya kwenye punje chache zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika au zilizotobolewa na wadudu, na mtu anayeziondoa punje hizo kwa makini huondoa sehemu kubwa ya hatari. Kiwanda kikubwa hufanya kazi hiyo kwa mashine yenye macho ya umeme, nawe utatumia macho yako.

Mwaga karanga kidogo kidogo juu ya kitambaa cheupe penye mwanga wa kutosha, uzitandaze zisipandane, na uondoe kila punje yenye doa, yenye ukungu, iliyosinyaa, iliyoota au yenye rangi tofauti na wenzake. Baada ya kukaanga na kumenya utazichambua kwa mara ya pili, kwa sababu ganda jekundu huficha mengi na punje mbovu hubaki na rangi ya kahawia iliyokolea au kijivu.

Onyo: karanga ulizozitoa usiziuze kwa bei ya chini, usizitumie kwenye kashata na usiwape kuku au ng'ombe. Sumu huwadhuru mifugo pia, na ng'ombe huipitisha kwenye maziwa. Zifukie. Pima uzito wa ulizozitupa na uuandike, kwa kuwa utauhitaji kwenye hesabu ya bei.

Hatua ya 3: Kaanga kwa moto wa wastani

Ukitumia tanuri, liweke kwenye nyuzi 160 za Selsiasi, tandaza karanga kwa tabaka jembamba, na uzigeuze mara kwa mara kwa dakika 20 hadi 30. Ukitumia kaango, weka moto mdogo na usiache kukoroga. Usikaange kwa mchanga kama wafanyavyo wauzaji wa karanga za kutafuna, kwa maana chembe moja ya mchanga ndani ya siagi inatosha kukupotezea mteja.

Usipime kuiva kwa kutazama ganda la nje. Toa punje moja, ipasue na uangalie ndani. Rangi ikifikia ile ya chai ya maziwa, ziepue na uzitandaze mara moja kwenye sinia pana, kwani hata baada ya kutoka motoni huendelea kuiva kwa joto lililomo ndani yake. Mkupuo, yaani karanga unazotengeneza kwa mara moja, ukikolea kupita kiasi huwa na uchungu ambao sukari haiwezi kuufunika.

Hatua ya 4: Menya na upepete

Zikishapoa kabisa, zisugue ndani ya kitambaa safi kisha uzipepete kwa ungo. Maganda mekundu yakibaki mengi, siagi huwa na uchungu na madoa. Fanya uchambuaji wa pili hapa, halafu upime uzito uliobaki. Kilo 10 za karanga mbichi mara nyingi hurudi kilo 8 hadi 9, kutegemea ubora wa ulizonunua.

Hatua ya 5: Saga

Blenda ya nyumbani inatosha kwa majaribio. Jaza nusu tu, iendeshe kwa vipindi vifupi, zima, koroga kingo, na uiache ipoe kabla ya kuendelea. Karanga zitakuwa kwanza chenga, kisha donge zito, na hatimaye mafuta yatajitokeza na siagi italainika. Wengi hukata tamaa kwenye hatua ya donge na kuongeza maji. Usiongeze maji wala maziwa hata kijiko kimoja, kwa sababu siagi hukaza badala ya kulainika, na unyevu huo huifungulia mlango wa kuharibika. Asali nayo ina maji, hivyo huikaza vilevile. Ikiwa lazima uilainishe, tumia mafuta ya karanga au ya alizeti, kijiko kimoja au viwili kwa kilo, na uyataje kwenye lebo.

Kwa kila kilo ya karanga anza na gramu 10 za chumvi na, ukitaka utamu, gramu 30 za sukari iliyosagwa laini. Pima kwa mizani kila mara. Mteja anayerudi anarudia ladha aliyoizoea, na "chumvi kiasi" haileti ladha ile ile mara mbili.

Mauzo yakiizidi blenda, tafuta mtu mwenye mashine maalumu ya kusaga karanga na umlipe kwa kilo kabla hujafikiria kununua ya kwako. Hakikisha mashine hiyo haisagi nafaka, maana mabaki ya unga hubaki ndani yake na huingia kwenye siagi. Unapofika wakati wa kununua, ofisi za SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, zilizoko mikoani ni mahali pazuri pa kuulizia mashine na mafunzo ya usindikaji, na mafunzo yatangulie mashine.

Hatua ya 6: Fungasha

Osha makopo au chupa na uzikaushe mpaka usione hata tone. Acha siagi ipoe, kwa kuwa ikifunikwa ya moto hutoa mvuke unaogeuka matone chini ya mfuniko. Jaza, gongagonga kopo mezani ili hewa itoke, pima, kisha funika. Anza na ukubwa mmoja tu wa kopo. Anayeanza na ukubwa wa aina nne hufunga mtaji wake kwenye vifungashio ambavyo havijauzwa.

Kwa kila mkupuo weka kopo moja kando, uliandike tarehe, na uliweke mahali pa joto la kawaida. Lionje kila mwezi. Kopo hilo ndilo litakalokuonyesha muda halisi wa bidhaa yako kukaa, badala ya kunakili tarehe kwenye kopo la kiwanda ambacho huenda kinatumia viambato usivyokuwa navyo. Mpaka upate uhakika huo, andika muda mfupi, kwa mfano miezi mitatu.

Hatua ya 7: Fuata vibali kabla ya kupeleka sokoni

Makopo ya majaribio ni ya kuonja nyumbani. Ukitaka kuuza kwa umma, fuata njia ifuatayo.

Kwanza pata namba ya mlipakodi, TIN, kutoka TRA. Hutolewa bila malipo na utahitaji namba yako ya NIDA, kwa hiyo usimlipe mtu anayejitolea "kukusaidia" nje ya ofisi. Ukifanya biashara kwa jina lisilo lako mwenyewe, lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kupitia mfumo wao wa mtandaoni. Leseni ya biashara hutolewa na halmashauri yako, ambako pia utamkuta ofisa afya atakayekagua mahali pa kazi, na wewe pamoja na wasaidizi wako mtatakiwa kupimwa afya kama watu wanaoshika chakula.

Usajili wa mahali pa kutengenezea chakula na wa bidhaa yenyewe uko chini ya TBS, tangu majukumu ya chakula yalipohamishwa mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Usiende TBS mikono mitupu. Pitia kwanza ofisi ya SIDO ya mkoa wako uombe barua ya utambulisho, kwa kuwa TBS ina utaratibu wa kuwapunguzia gharama wajasiriamali wadogo wanaotambulishwa hivyo. Sampuli yako itapimwa maabara, sumukuvu ikiwemo, na hapo ndipo uchambuaji wa hatua ya pili utakapojibu. Aliyeko Zanzibar anaanzia ZFDA, wakala wa chakula na dawa wa huko, na aliyeko Kenya anaanzia KEBS.

Kuhusu kodi, TRA huwakadiria wafanyabiashara wadogo kwa kuangalia mauzo ya mwaka, na utaratibu wa makadirio humpa nafuu anayetunza kumbukumbu kuliko asiyetunza. Daftari uliloanza nalo litakulipa hapo.

Hatua ya 8: Andika lebo iliyokamilika

Lebo itaje jina la bidhaa, viambato vyote, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa, mwisho wa matumizi, namba ya toleo (inayotambulisha mkupuo), jina na mahali pa mtengenezaji, na tahadhari kwamba ina karanga, kwa kuwa wapo watu ambao karanga huwadhuru vibaya. Uzito ulioandikwa uwe ule ulioko ndani, maana Wakala wa Vipimo hukagua bidhaa zilizofungashwa. Msimbomilia (barcode) hauhitajiki kwa duka la mtaani, ila supamaketi zitakuuliza. Hutolewa na GS1 Tanzania, na namba zake huanza na 620. Usichapishe lebo elfu moja kabla usajili haujakamilika, kwa sababu mara nyingi wakaguzi huagiza marekebisho.

Hatua ya 9: Panga bei kwa kalamu

Bei zifuatazo ni za mfano tu, nawe uweke za sokoni kwako. Kilo 10 za karanga kwa shilingi 4,500 kila kilo ni 45,000. Baada ya kuchambua na kukaanga zimebaki kilo 8.5, zinazotoa makopo 21 ya gramu 400. Makopo yamegharimu 14,700, lebo 4,200, chumvi na sukari 1,500, nishati 3,000, kusagisha 3,500 na usafiri 5,000. Jumla ni 76,900, yaani takriban shilingi 3,660 kwa kopo.

Anayeanza huishia hapo, anamuuzia mwenye duka kwa 4,000 na kuamini kwamba amepata faida. Hakujilipa. Weka shilingi 10,000 za kazi ya siku nzima, na gharama inapanda hadi 86,900, sawa na takriban 4,140 kwa kopo, kwa hiyo katika kila kopo anapoteza. Kama mwenye duka anataka kuuza kwa 6,000 na kupata 1,000 yake, wewe unamwachia kwa 5,000 na kubaki na 860 hivi. Hata hiyo 860 bado haijagusa kopo la kuonjesha, lililovunjika wala lililorudishwa.

Onyo: usipange bei kwa kushusha kidogo ile ya kiwanda kikubwa. Kiwanda hununua karanga kwa tani, na shindano hilo huliwezi. Uza usafi, uchanga wa bidhaa na ladha isiyo na nyongeza, na uwatafute wanunuzi wanaovijali.

Hatua ya 10: Anza kuuza karibu

Wateja wa mwanzo watoke mtaani, kazini, kanisani au msikitini, na kwenye kikundi chako cha vikoba. Wape lipa namba ili malipo yaonekane na yasichanganyike na fedha za matumizi ya nyumbani. Ukishajua unauza makopo mangapi kwa wiki, ongeza maduka mawili au matatu unayoweza kuyatembelea mwenyewe.

Wenye maduka wengi watataka mali kauli, yaani uache bidhaa na ulipwe ikishauzwa. Kubali kwa makopo machache tu, andikishaneni idadi, na usiache mzigo wa pili kabla wa kwanza haujalipwa.

Ukihitaji mtaji wa kukuza biashara, halmashauri hutoa mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Kwa wanawake na vijana hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, basi chagua wenzako kwa makini, kwa kuwa mtarejesha pamoja.

Matatizo ya kawaida na namna ya kuyatatua

*Mafuta yamepanda juu ya kopo.* Si kasoro, bali ni tabia ya siagi isiyo na kiambato cha kuizuia. Andika kwenye lebo "koroga kabla ya kutumia". Yakipanda mengi mno ndani ya siku chache, huenda siagi ilisagwa chenga. Mkupuo ujao upitishe kwenye mashine mara mbili.

*Siagi ni chungu.* Angalia rangi ya ndani ya karanga zilizokaangwa na kiasi cha maganda mekundu. Vyote vikiwa sawa, tatizo liko kwa karanga zenyewe, nawe ubadilishe muuzaji.

*Imekaza kama udongo.* Kuna maji yameingia, pengine kutoka kwenye blenda au mwiko uliooshwa bila kukaushwa. Mkupuo huo usiuzwe.

*Inanuka mafuta ya zamani kabla ya muda wake.* Karanga zilikuwa kuukuu, au makopo yanakaa juani. Kagua rafu ya dukani, kwani maduka mengi hupanga bidhaa mbele, palepale jua la mchana linapopiga.

*Ukungu umeonekana chini ya mfuniko.* Tafuta namba ya toleo na uyarudishe makopo yote ya mkupuo huo, hata yanayoonekana mazima. Kukwangua juu na kuendelea kuuza hakukubaliki kwa namna yoyote.

*Sampuli imeshindwa kipimo cha sumukuvu.* Usiuze chochote mpaka upime upya. Teketeza shehena hiyo, badilisha chanzo cha karanga, na uongeze muda wa kuchambua. Kama msaidizi wako analipwa kwa kilo anazochambua, mlipe kwa siku, kwa sababu malipo ya kilo humfanya aharakishe mahali pasipotakiwa haraka.

*Mwenye duka hulipa kwa kuchelewa kila mara.* Hesabu siku ambazo fedha yako inalala kwake na uilinganishe na mteja wa mtaani anayelipa papo hapo. Ikiwa mtaji wako ni wa mikupuo miwili tu, duka moja linalochelewesha malipo kwa mwezi mzima linatosha kukusimamisha, kwa hiyo chukua makopo yaliyobaki na uyapeleke kwingine.